Kutundika picha kwenye migahawa ya kahawa Dodoma: dada, kubali, ila msipeane kienyeji

Mbukwenyi wadau.

Dada mleta uzi anasema anachora, yuko Nkuhungu, na mwenye mgahawa mmoja wa kahawa amemwambia alete picha zake azitundike bila kulipia chochote, zikiuzwa wagawane. Anauliza kama hiyo ni bahati au ananyonywa. Mchangiaji wa juu yangu kamwambia akatae, adai alipwe kodi ya picha zake, kwa kuwa mgahawa unapata mapambo ya dezo. Mimi nachora na natengeneza fremu huku Majengo. Nimetundika za kwangu, na nimewafungia fremu wenzangu wengi waliotundika za kwao. Nitaandika kirefu, mnivumilie.

Dada, kubali. Ila usipime faida kwa picha zitakazotoka pale ukutani. Ikitoka moja, mshukuru Mungu, hiyo ni ziada. Unachokifuata pale ni oda. Mtu anakunywa kahawa yake chini ya picha yako leo, anarudi wiki ijayo anakaa palepale, siku nyingine anapiga picha ile karatasi yenye namba yako. Miezi inapita. Halafu unasikia simu: "Wewe ndiye uliyechora ile mibuyu?" Hataki mibuyu. Anataka kitu cha sebuleni kwake, kirefu kama kochi, kisigombane na mapazia. Kazi zangu kubwa nyingi nimezipata kwa njia hiyo, na hakuna hata moja kati ya hizo iliyowahi kuning'inia mgahawani.

Dodoma hii ina sababu ya pekee. Tangu serikali ianze kuhamia huku kwa kishindo mwaka 2016, na mji ukapandishwa kuwa jiji 2018, watu wamejenga na wamepanga: Ilazo, Kisasa, Iyumbu, Nzuguni. Ingia kwenye hizo nyumba uone kuta. Nyeupe tupu, labda saa na kalenda ya benki. Mnunuzi wa huku ni mtumishi mwenye nyumba mpya, tofauti na Arusha au Zanzibar ambako mgeni anatafuta kumbukumbu ya kurudi nayo kwao. Kwa hiyo tembo watatu na machweo ya jua huku havina soko sana. Watu wanataka wanachokijua: mizabibu, mawe ya Mlimwa, ngoma za muheme, mzee na zeze lake, bibi anapepeta uwele. Wapo wanaochora kwa mtindo wa michoro ya miambani ya Kolo, Kondoa, ile iliyoingia Urithi wa Dunia 2006, wale watu wembamba warefu. Hizo naona zinawavuta hata wasiojua Kondoa iko upande gani.

Muda nao uangalie. Bunge la bajeti linaanza Aprili mpaka mwisho wa Juni, na migahawa inajaa wageni wenye muda wa kukaa. Ukiweza tundika mwishoni mwa Machi. Ukitundika Julai, wageni ndio wanaondoka na vumbi ndio linaingia.

Na mtu asikwambie kutundika picha sehemu ya chakula ni kujishusha. Edward Saidi Tingatinga mwenyewe, mwanzilishi wa mtindo wa picha za Tingatinga, mwishoni mwa miaka ya 1960, kazi zake ziliuzwa nje ya Morogoro Stores kule Oyster Bay, Dar. Watu walikuja kununua mahitaji ya nyumbani wakaondoka na picha. Alichorea hadibodi (ubao mwembamba wa mbao iliyosagwa na kubanwa), tena kwa rangi za kung'aa, zile za kupakia baiskeli. Nasema hivyo si kwa ajili ya historia tu. Picha ya namna ile unaipangusa kwa kitambaa chenye unyevu na inarudi kama mpya. Kwa vumbi letu la kiangazi, hadibodi inaishinda turubai (kile kitambaa cha kuchorea) kwa mbali. Turubai isiyopakwa vanishi, vumbi jekundu linaingia kwenye nyuzi na halitoki. Ukishindwa kupata vanishi, basi usipeleke turubai mgahawa wa wazi ulio kando ya barabara ya vumbi. Peleka wa ndani.

Sasa ukuta wenyewe. Kabla hujaleta picha hata moja, nenda kakae pale, agiza kahawa, angalia. Jua la jioni linapiga wapi? Picha ya rangi za maji au kalamu za maka ikipigwa na lile jua la magharibi kila siku, inapauka. Mashine ya kahawa inapuliza mvuke upande gani? Jiko la chipsi liko karibu? Mafuta ya kukaangia yanapanda hewani na kutua juu ya picha, vumbi nalo linanata juu yake, unapata ngozi ya kahawia isiyofutika. Sinki la kunawia likae mbali kabisa.

Kuna jambo wengi hawalifikirii mpaka walione: ukuta wa nyuma ya benchi. Mwenye mgahawa atakupa huo kwanza kwa sababu ndio mrefu. Watu wanaegemea. Niliwahi kuletewa fremu ya paini kutoka ukuta wa namna hiyo. Upau wa chini ulikuwa mweusi unang'aa kwa mafuta ya nywele, na pembe moja imeachia kwa kusukumwa na vichwa. Mbao ililoa mafuta kiasi kwamba hata msasa haukusaidia, nikabadilisha upau mzima. Ukipewa ukuta huo, pandisha picha juu ya vichwa. Kwingineko fanya kinyume, shusha. Mgahawani watu wamekaa, na picha iliyotundikwa kwa kipimo cha mtu aliyesimama inamlazimu mteja kukunja shingo. Haangalii, anaangalia simu.

Kutoboa ni ugomvi mwingine. Nyumba nyingi ni za kupanga na mwenye nyumba hataki kuona misumari ya zege kwenye plasta yake. Fungeni ubao mmoja mwembamba juu, karibu na dari, kwa skrubu chache, mara moja tu. Picha zote zining'inie kwenye ubao huo kwa mshipi wa kuvulia samaki. Ukibadilisha picha hutoboi tena, na urefu unaurekebisha kwa fundo.

Idadi: chache. Ukuta wenye picha sita zinazopumua unauza kuliko wenye ishirini zilizobanana kama duka la fremu (na mimi ndiye mwenye duka la fremu). Kila moja na kikaratasi chake: jina lako, jina la picha, vipimo, imechorwa kwa rangi au kalamu gani, bei, namba ya simu. Bei iandike. Najua wapo wanaosema ukiandika bei unamfukuza mtu. Nionavyo mimi anayemfukuza ni mhudumu anayeulizwa bei akajibu "sijui, labda umsubiri bosi". Mtumishi mwenye heshima zake hatauliza mara ya pili. Ukitaka kupunguza, punguza wewe mwenyewe kwenye simu. Mwenye mgahawa asipewe ruhusa ya kushusha.

Turudi kwenye kugawana. Mnachofanya ni mali kauli, yaani kupeana mali ilipwe ikishauzwa, kama wanavyofanya wafanyabiashara pale soko la Sabasaba, tofauti ni kwamba wao wanajuana miaka. Ninyi andikishaneni. Ukurasa mmoja unatosha: orodha ya picha na bei zake, mgao (mimi nakubali mgahawa uchukue asilimia 20 hadi 30, zaidi ya hapo nabeba picha zangu), zitakaa mpaka lini, zikiharibika au kuibiwa nani analipa, na hela inapita kwa nani. Hapo kwenye hela kaza: mnunuzi alipe kwenye simu yako, wewe umtumie mwenye mgahawa mgao wake siku hiyohiyo. Hela ikiingia kwanza kwenye lipa namba ya mgahawa, itanunua maziwa na umeme.

Mwandike pia, kwa herufi kubwa, kwamba picha ni mali yako mpaka zitakapolipiwa. Mgahawa mmoja niliotundika, sitautaja, ulidaiwa kodi ya pango. Asubuhi nakuta kufuli la mwenye nyumba mlangoni, mpangaji hapatikani, na kupitia kioo naziona picha zangu zimetulia ukutani pamoja na viti na friji, vyote vinasubiri dalali. Mwenye nyumba ananiambia vyote vilivyomo ni vya mdaiwa wake. Nikaenda kwa mwenyekiti wa mtaa na karatasi yenye saini ya mpangaji na orodha. Tulifunguliwa, tukahesabu picha moja moja kwa orodha, nikasaini kuzipokea. Mwenzangu aliyekuwa na vinyago mle ndani kwa maneno matupu alizungushwa sana, na sidhani kama alivipata vyote.

Halafu hakimiliki. Anayenunua picha amenunua picha, hajanunua haki ya kuichapa. Sheria ya hakimiliki ya 1999 inakulinda, na COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya serikali, wapo. Mgahawa ukitaka picha yako kwenye menyu au kwenye vikombe, hayo ni mapatano mengine na malipo mengine. Kupiga picha na kuweka mtandaoni waache, ndilo tangazo lako. Wanafunzi wa UDOM (Chuo Kikuu cha Dodoma) hawanunui picha ya laki mbili, ila wataitembeza kuliko bango lolote.

Mchangiaji aliyesema kodi, sikupingi moja kwa moja. Pale ambapo watu wanachukua kahawa na kuondoka, hakuna anayekaa kutazama, usitundike kwa mgao. Wakodishie picha kwa mwezi, uwabadilishie kila baada ya miezi mitatu. Wakikataa, potezea.

La mwisho, wageni wa Dar. Tangu treni ya SGR ianze 2024, mtu anakuja asubuhi anarudi jioni, na swali lake la kwanza ni "nitaibebaje?" Kama ni turubai, ing'oe kwenye fremu, izungushe upande wenye rangi ukiwa nje, usifanye kinyume maana rangi itajikunja na kupasuka. Itie kwenye kipande cha bomba la plastiki la inchi nne. Vipande vya bomba mafundi wanavitupa, viokote uviweke pale mgahawani.

Dada, umesema zako nyingi ni za kalamu ya risasi. Hizo zinahitaji kioo, na kioo kinaongeza uzito, kwa hiyo ule mshipi uwe mnene. Kapime karatasi zako kwa sentimita, urefu na upana, uniandikie hapa, nitakwambia fremu zitagharimu kiasi gani.