Mwanafunzi Apewe Mtu wa Kumwandikia: Kufundisha Barua ya Kirafiki

Tangu nianze kufundisha Kiswahili hapa Lamu nimesahihisha barua nyingi za kirafiki ambazo, ukifuta jina la mwandishi na kuweka la mwenzake, hakuna atakayetambua tofauti. Huanza kwa "Natumai u buheri wa afya", zikafuatia na "madhumuni ya kukuandikia waraka huu", na ukurasa ukishafika nusu ndipo huja mistari michache ya habari yenyewe, kisha kwaheri. Wanafunzi hawa si wavivu na lugha wanayo. Wanachokosa ni mtu wa kumwandikia, kwa sababu tumewaagiza wamwandikie "rafiki yako aliye shule nyingine", naye rafiki huyo hana jina, hana umri, wala hana jambo analotaka kulijua. Kwa hiyo ninawashauri walimu wenzangu kwamba somo hili lianze kwa kumtafuta msomaji, na muundo ufuate baadaye.

Kabla ya kuandika chochote ubaoni, mwambie kila mwanafunzi amchague mtu mmoja wa kweli aliye mbali. Huku kwetu jambo hilo halina taabu, maana ni nadra nyumba isiyokuwa na ami anayefanya kazi Mombasa, dada aliyeolewa Faza, au binamu anayesoma shule ya bweni Malindi. Akishamchagua, aandike daftarini majibu ya maswali mawili: mtu huyu anajua nini tayari, na angeuliza nini lau angekuwa ameketi nasi barazani jioni hii? Majibu hayo humsaidia mwanafunzi kujua la kuacha na la kueleza. Aliyelelewa Langoni, mtaa wa hapa mjini Lamu, hahitaji kuambiwa kwamba vichochoro vyetu ni vyembamba na kwamba mizigo hubebwa na punda. Huyo anataka kusikia ni nani aliyeshinda mbio za punda wakati wa Maulidi. Rafiki aliyeko Kisumu, ambaye hajapata kufika huku, ndiye anayestahili kuelezwa habari za vichochoro na punda kwa kituo.

Msichana mmoja alimwandikia binamu yake hivi: "Maulidi ya mwaka huu yalikuwa mazuri sana na watu walifurahi sana." Sikumsahihisha kitu; nilimuuliza tu binamu huyo hupenda kusimama wapi mbio zinapopita. Alirudi na maneno haya: "Tulisimama pale pale ukutani karibu na gati, lakini mahali pako alikaa mtoto wa jirani. Yule punda uliyemshangilia mwaka jana aligoma katikati ya njia, akageuka kurudi alikotoka, na mwenyewe akabaki anacheka pamoja na watu." Hapo hapana msamiati mgumu wala methali, nami naiona kuwa kazi bora kuliko kurasa mbili za tamathali za kukariri, kwa kuwa binamu akisoma "mahali pako" atajua kwamba alikumbukwa.

Salamu nazo zinahitaji uangalifu, hasa kwetu sisi tunaosalimiana kwa urefu. Barua za kale za pwani hii, zilizoandikwa kwa hati za Kiarabu, zilikuwa na salamu ndefu za heshima, lakini mwandishi alipofika kwenye "baada ya salamu" msomaji alijua kwamba sasa analetewa shughuli. Mpangilio huo unafaa kufundishwa hadi leo. Anayemwandikia ami yake aanze kwa "Assalamu alaikum" na amtaje kwa heshima yake. Anayemwandikia rika lake afupishe. Vyovyote iwavyo, salamu na ziulize jambo la hakika. Sentensi moja kama "Je, goti la bibi limepata nafuu tangu mlipompeleka hospitali?" inabeba mapenzi ambayo "buheri wa afya" haiwezi kuyabeba.

Muundo wenyewe hauhitaji zaidi ya kipindi kimoja. Barua ya kirafiki ina anwani moja tu, ya mwandishi, juu upande wa kulia: jina la shule au la mwandishi, S.L.P., mji pamoja na msimbo wake (Lamu ni 80500, Malindi ni 80200), na tarehe chini yake. Hufuata mtajo, kama vile "Kwa mpendwa dada", halafu salamu, mwili uliogawanywa kwa aya, na tamati kama "Ni mimi mdogo wako" pamoja na jina. Anwani ya pili, mada iliyopigiwa mstari na sahihi ni vya barua rasmi. Mtahiniwa wa KCSE, mtihani wa kumaliza shule ya sekondari nchini Kenya, lazima ayajue haya, kwa kuwa swali la kwanza katika karatasi ya insha ni la lazima na huwa la uandishi wa kiuamilifu, yaani wa matumizi maalumu kama vile barua, nalo lina alama 20 kati ya 40.

Kuhusu lugha, wanafunzi wetu huandika "mai" na "ndoo" kama wanavyosema nyumbani, ambapo Kiswahili sanifu kinataka "maji" na "njoo". Mimi huwataka waandike kwa lugha sanifu, lakini maneno ya bibi yanaponukuliwa ndani ya alama za usemi huyaacha katika Kiamu chake, lahaja ya hapa Lamu, kwani ndivyo alivyosema. Ufupisho wa kwenye simu, kama "xaxa" na "cjui", siupokei hata kidogo.

Jambo nisilokubali kuliacha ni barua kufika. Za Faza na Kizingitini hukabidhiwa abiria wa boti wanaoaminika. Za Malindi na Mombasa hutiwa stempu na kupelekwa posta, na kwa kuwa familia nyingi hazina sanduku la posta, majibu huja kupitia sanduku la shule. Mwanafunzi anayejua kwamba ami yake ataishika karatasi hiyo mkononi huifuta na kuiandika upya bila kulazimishwa. Kwa sababu hiyo hiyo, mwalimu aheshimu siri za nyumba za watu: asisome barua ya mtoto mbele ya darasa, na amruhusu kuandika aya ya faragha katika karatasi nyingine isiyosahihishwa.

Jibu likija, fundisha barua ya pili, ambayo wengi wetu huisahau. Mwanafunzi aweke barua aliyoletewa mbele yake, apigie mstari kila alichoulizwa, akijibu chote, ndipo aingize habari mpya. Ambaye hakujibiwa hadi muhula unakaribia kwisha amchague mtu mwingine na aanze naye, kwani si haki akose somo hili kwa sababu ami yake ana shughuli nyingi.