Muulize Kodi ya Nyumba Ililipwa na Nani: Ushauri kwa Anayetaka Kuzungumza na Wasanii wa Uingereza

Mwaka 2017 Lubaina Himid, msanii aliyezaliwa Zanzibar mwaka 1954 na kupelekwa Uingereza angali mtoto mchanga, alishinda Tuzo ya Turner, tuzo mashuhuri ya sanaa nchini humo, akiwa na umri wa miaka 63. Mwaka huohuo waandaaji walikuwa wameliondoa sharti lililowazuia wasanii waliotimiza miaka 50 kuishindania tuzo hiyo, na magazeti yakajaa habari za umri wake. Mimi nilivutiwa zaidi na jambo jingine. Huyu ndiye aliyeandaa maonyesho ya wasanii wanawake wenye asili ya Afrika na Asia katika ICA, taasisi ya sanaa za kisasa jijini London mwaka 1985, na kazi zao zikatundikwa kwenye ushoroba ambao watu walikuwa wakipita tu. Kati ya ushoroba ule na tuzo ile kuna miaka 32. Katika sehemu kubwa ya miaka hiyo alikuwa pia mwalimu katika mji wa Preston, kwenye Chuo Kikuu cha Central Lancashire, alikopanda hadi kuwa profesa. Kijana anayetaka kuishi kwa sanaa atajifunza mengi zaidi kutokana na habari hiyo ya mshahara wa ualimu kuliko kutokana na picha za usiku wa kukabidhiwa tuzo.

Ninaishi kaskazini mwa Uingereza, na kwa miaka kadhaa sasa nimekuwa nikizungumza na wachoraji, wanamuziki, wachapaji wa picha na waandishi wa huku kwa ajili ya kipindi cha redio ya jamii. Wengi wao si watu mashuhuri. Vijana wa kwetu wanaotaka kuanza kazi ya aina hii huniuliza mara kwa mara waanzie wapi, nami huwajibu kwamba mazungumzo kuhusu safari ya kazi ya msanii hayana maana mpaka yajibu swali la nani alikuwa akilipa kodi ya nyumba wakati kazi yenyewe ilikuwa bado hailipi. Swali la chimbuko la ubunifu, ambalo karibu kila mhojaji hulianza nalo, lina majibu yaliyokwisha kukaririwa. Msanii amelijibu mara nyingi mno, na utakachopata ni kile ambacho tayari kimo kwenye tovuti yake.

Tatizo ni kwamba Mwingereza haulizwi habari za fedha ana kwa ana, hasa na mtu aliyekutana naye nusu saa iliyopita. Ukimuuliza kipato chake atatabasamu, atasema mambo si mabaya, kisha atakuuliza kama utapenda chai zaidi. Suala hili huingiwa kwa mlango wa uani. Muulize alifanya kazi gani nyingine kabla na wakati wa sanaa, na mara nyingi utamwona anachangamka, kwa sababu vibarua vya ujanani ni jambo ambalo Waingereza hulisimulia kwa furaha na kwa kujicheka. Kumbukumbu za hadharani zimejaa mifano. Freddie Mercury, mwimbaji wa bendi ya Queen aliyezaliwa Zanzibar mwaka 1946 na kuhamia Uingereza na familia yake mwaka 1964, alisoma usanifu wa michoro katika chuo cha sanaa cha Ealing, akauza nguo kwenye kibanda cha Kensington Market pamoja na Roger Taylor, mpiga ngoma wa bendi hiyo, na akawahi pia kupakia mizigo uwanja wa ndege wa Heathrow. Abdulrazak Gurnah, kabla ya riwaya yake ya kwanza kutoka mwaka 1987 na miongo mitatu na zaidi kabla ya Tuzo ya Nobel ya 2021, alifanya kazi ya uhudumu hospitalini, kisha akafundisha kwa miaka mingi katika Chuo Kikuu cha Kent.

Ukishaupata mlango huo, usiharakishe kutoka. Uliza zamu ilianza saa ngapi, alichora au kupiga muziki saa zipi, chumba alichofanyia kazi kilikuwa na ukubwa gani na alikilipia vipi. Msanii akisema kwamba alibahatika tu, na karibu wote husema hivyo, mwulize ni nani aliyempigia simu siku ile ya bahati, na mtu huyo alimfahamu kutoka wapi. Hapo ndipo utagundua kwamba bahati hiyo ilikuwa na jina: mwalimu wa chuo, rafiki aliyekuwa na funguo za ukumbi, au mwenye duka la santuri aliyekubali kuweka kaseti ishirini kwenye kaunta yake.

Jambo ambalo wahojaji wageni hulipuuza zaidi ni tofauti ya vizazi, nami nashauri lisomwe kwa makini kabla ya kuwasha kinasa sauti. Mchoraji wa England mwenye umri wa miaka 70 alisoma wakati ambapo, kufuatia sheria ya mwaka 1962, halmashauri ziliwalipia wanafunzi ada na, kwa kutegemea kipato cha wazazi, kuwapa posho ya kujikimu. Ndiyo maana vyuo vya sanaa vya wakati ule vilijaa watoto wa wafanyakazi wa kawaida, na wengi wao wakatoka humo wakiwa wanamuziki badala ya wachoraji: Pete Townshend alipita katika chuo cha sanaa cha Ealing, kama walivyokuwa wamepita kabla ya sheria hiyo John Lennon kile cha Liverpool na Keith Richards kile cha Sidcup. Wanafunzi walianza kutakiwa kulipa ada wenyewe mwaka 1998, ikianzia pauni 1,000 kwa mwaka, na kufikia mwaka 2012 vyuo vya England viliruhusiwa kutoza hadi pauni 9,000. Msanii mwenye umri wa miaka 28 anabeba mkopo ambao yule wa miaka 70 hakuwahi kuuota. Ukiwauliza wote wawili swali lilelile kuhusu kuthubutu, utaishia kumsifu mmoja kwa ujasiri ambao kwa kweli ulilipiwa na halmashauri, na kumwona mwingine mwoga kwa sababu tu anafanya hesabu.

Katikati ya vizazi hivyo kuna kundi la miaka ya 1980, ambalo mimi binafsi hulipenda kuliko yote kwa mazungumzo. Serikali ya Margaret Thatcher, ambayo hakuna anayeikumbuka kama rafiki wa sanaa, ilianzisha mpango wa kuwalipa watu wasio na ajira pauni 40 kwa wiki kwa muda wa mwaka mmoja ili waanzishe biashara zao. Wasanii waliuchangamkia. Alan McGee, aliyeanzisha kampuni ya muziki ya Creation, ni mmoja wa waliopitia humo. Sharti mojawapo lilikuwa mwombaji aonyeshe kwamba ana pauni 1,000 za mtaji, na mchapaji mmoja wa picha aliniambia, huku akicheka mpaka akavua miwani, kwamba alizikopa kwa rafiki yake, akamwonyesha ofisa karatasi ya benki, na akazirudisha kabla ya juma kuisha. Kisa hicho sikukipata kwa kuuliza habari za sera. Nilikuwa nimemwuliza mashine yake ya kwanza ya kuchapia ilitoka wapi.

Kuhusu mrabaha, jifunze majina ya vyombo kabla hujaketi. Nchini Uingereza mtunzi wa wimbo hulipwa kupitia PRS, iliyoanzishwa mwaka 1914, ilhali mpigaji na mwenye rekodi hulipwa kupitia PPL, iliyoanzishwa mwaka 1934, na mtu anayezichanganya hizi mbili mbele ya mwanamuziki huonekana mara moja kwamba hajui analouliza. Mchoraji naye ana haki ya kulipwa kazi yake inapouzwa tena na galari au mnada, haki iliyoanza kutumika nchini humo mwaka 2006, ambayo kwa bei za chini ni asilimia 4 na hupungua kadiri bei inavyopanda. Mwandishi hulipwa kila kitabu chake kinapoazimwa katika maktaba za umma, lakini hapati zaidi ya pauni 6,600 kwa mwaka hata kitabu kiazimwe namna gani. Ukiyajua haya, msanii hulegea, kwa kuwa anaona hatalazimika kukufundisha alifu kwa kijiti. Mpiga tarumbeta mmoja, baada ya kusikia nikitaja PPL kwa usahihi, aligeuza kompyuta yake nione taarifa ya malipo: mistari mingi ya nyimbo na vituo vya redio, mingi kati yake ikiwa ni peni chache tu, na juu ya yote wimbo mmoja wa Krismasi ambao aliurekodi kwa alasiri moja kama mpigaji wa kukodiwa, na ambao humlipa kila mwaka kuliko albamu alizozitunga mwenyewe. Aliukodolea macho mstari ule kwa muda, akasema kwamba hata jina la mwimbaji alikuwa amelisahau.

Mazungumzo ya namna hiyo hayafanyiki hotelini. Omba kukutana mahali pa kazi, kwa barua pepe fupi inayotaja wewe ni nani, unataka muda gani, na sauti itatumika wapi. Wenye majina makubwa watakupitisha kwa wakala, na wakala atakupa dakika ishirini na orodha ya mambo yasiyoulizwa. Wengine hujibu wenyewe, na hao ndio wenye habari. Studioni kuna vitu vya kuulizia, na Mwingereza husema mambo mazito kwa urahisi zaidi macho yake yakiwa kwenye kitu kuliko yakiwa kwako. Nadhani hiyo ndiyo siri ya kipindi cha BBC cha Desert Island Discs, kilichoanzishwa na Roy Plomley mwaka 1942, ambamo mgeni huchagua santuri nane, kitabu na kitu kimoja cha anasa. Watu hudhani wanazungumzia nyimbo, kumbe wanawazungumzia wazazi wao.

Kwa wenzangu wa Pwani na wa Afrika Mashariki kwa jumla nina neno moja la ziada, na najua baadhi hawatalipenda. Tuna tamaa ya kumdai kila msanii wa Uingereza aliyezaliwa kwetu, tukianza mahojiano kwa kumtaka aseme nyumbani ni wapi. Magdalene Odundo, mfinyanzi aliyezaliwa Nairobi mwaka 1950 na kufika Cambridge mwaka 1971, ana mengi ya kusema kuhusu Afrika. Lakini mtu anayejenga vyungu kwa mkono bila gurudumu, akavisugua mpaka ving'ae, kisha akavichoma hadi viwe vyekundu au vyeusi, anastahili kwanza kuulizwa ni vingapi hupasuka katika tanuri na hufanya nini siku hiyo. Ukianza na tanuri, habari za Nairobi, za Cambridge, na za wanawake wafinyanzi wa Abuja aliokwenda kujifunza kwao mwaka 1974 zitakuja zenyewe. Ukianza na pasipoti, utapewa hotuba.

Hatimaye, rudi. Mhakiki David Sylvester alianza kumhoji mchoraji Francis Bacon mwaka 1962, na aliendelea kumhoji kwa zaidi ya miaka ishirini. Maktaba ya Uingereza nayo, katika mradi wa historia za maisha ya wasanii ulioanza mwaka 1990, hurekodi mtu mmoja kwa saa nyingi, kuanzia kwa babu na bibi zake. Sisi hatuna muda wala fedha za namna hiyo, lakini kumwandikia mtu baada ya mwaka na kumwomba nusu saa nyingine hakugharimu chochote. Mtumie kwanza nakala ya kipindi kilichotoka, maana wengi wa wahojaji husahau hilo. Safari ya pili hutahitaji kuuliza kodi ililipwa na nani. Uliza ni kiasi gani sasa, na kama bado ana chumba kilekile.