Hukumu ya Mungu si lazima iwe radi

Ndugu mwandishi, nimekuelewa. Katika hadithi yako, askari anaamriwa ampige risasi mateka, anatii, na sura ya mwisho radi inamuua. Unauliza kwa nini waliokusomea wanasema ni mahubiri.

Ni kwa sababu hakuchagua. Mpe nafasi ya kukataa, na kukataa huko kuwe na gharama: pengine mwenzake ndiye atakayeuawa. Hapo punguza mwendo. Mateka, mikono imefungwa nyuma, anaomba afunguliwe kifungo cha shati kinachomkaba shingo. Askari anakifungua kwa vidole vilevile vitakavyofyatua bunduki. Mimi tukio la namna hii nililiandika upya mara nne ndipo likakaa sawa.

Kuhusu hukumu, soma 2 Samweli 11 na 12 katika Biblia. Mfalme Daudi, aliyemchukua mke wa askari wake Uria, anampa Uria barua ampelekee Yoabu, mkuu wa jeshi, na Uria anaibeba mwenyewe bila kujua kuwa imebeba kifo chake. Nabii Nathani haji na moto. Anakuja na kisa cha tajiri aliyemnyang'anya maskini mwana-kondoo wake wa pekee, na Daudi, kwa hasira, anatoa hukumu kabla hajajua kuwa anajihukumu. Radi ifute kabisa.

Usimfanye Mungu msemaji wa jeshi moja; utawaumiza waliofiwa upande wa pili. Na kama haya umeyapitia wewe mwenyewe, na kuyaandika kunakunyima usingizi, weka kalamu chini kwanza, umwone mshauri nasaha.