Ilimpunguzia hasira, si kazi

Swali la wiki: je, falsafa ya Wastoiko, wanafikra wa kale waliofundisha mtu kuzitawala hisia zake, ilimpunguzia Kaisari Marcus Aurelius (161–180) mzigo wa kutawala Rumi? Naona ilimpunguzia hasira na majivuno. Mzigo ulibaki palepale.

Daftari lake la Kigiriki, vitabu 12 vifupi alivyojiandikia mwenyewe, limejaa mazoezi. Asubuhi anajiambia kwamba leo atakutana na wadaku, wasio na shukrani na wajeuri, ili wakimjia asipandwe na hasira. Zoezi lingine, ambalo kwangu ndilo kali zaidi, ni kukivua kitu sifa zake: joho la zambarau ni sufu ya kondoo iliyochovywa katika damu ya konokono wa baharini, divai ya kifahari ni maji ya zabibu. Mtu anayesifiwa kutwa kucha analihitaji zoezi hilo kuliko mwingine yeyote.

Matunda yake yalionekana barazani. Akihukumu, aliagiza saa za maji zilizopima muda wa mawakili zijazwe tele, na kesi moja iliweza kuchukua siku 11 au 12. Mwaka 175 jemadari wake Avidius Cassius alijitangaza Kaisari huko mashariki, akauawa na watu wake mwenyewe. Marcus alipoletewa kichwa cha mwasi huyo hakutaka kukiona, akaagiza kizikwe.

Hazina, hata hivyo, haijazwi kwa utulivu wa moyo. Wanajeshi waliotoka vita vya Parthia, dola jirani ya mashariki, walirudi na tauni, ikawafyeka walipa kodi na askari kwa pamoja, na wakati huohuo makabila ya ng'ambo ya mto Danube, mpaka wa kaskazini, yakavamia. Ikabidi vyombo vya ikulu vipigwe mnada, na watumwa waandikishwe jeshini.

Lawama kwamba alimrithisha mwanawe Commodus zimetiwa chumvi. Wanasema baba aliacha desturi nzuri ya kumrithisha mtu bora aliyeasiliwa. Lakini katika Makaisari waliomtangulia, kuanzia Nerva hadi Antoninus Pius, hakuna aliyekuwa na mwana hai wa kumrithi! Mwana wa damu akiwekwa kando, jemadari yeyote mwenye uchu angemtumia kuanzisha vita vya wenyewe kwa wenyewe. Ili mrithi mwingine akae salama, kijana angelazimika kuuawa. Kwa hiyo mwaka 177 Marcus alimketisha Commodus kitini pamoja naye, akiwa na miaka 15. Kilichokosekana ni muda wa kumkomaza: Machi 180 baba alifariki, mrithi ana miaka 18, na vita vya Danube bado havijaisha.