TEAMS au SEACOM: upi ulitangulia Mombasa?
Mmoja wenu anasema TEAMS, mwingine SEACOM: nyote wawili mko sawa, nusunusu. Mkongo wa TEAMS, yaani kebo ya intaneti inayopita chini ya bahari, ndio uliotangulia kufika ufukweni Mombasa, Juni 2009, ukitokea Fujairah kule Falme za Kiarabu. Ila mkongo wa SEACOM ndio uliotangulia kuanza kazi, Julai mwaka huohuo. Mkongo mwingine, EASSy, ukafuata 2010. Nakumbuka kwa sababu kabla ya hapo saiba (duka la intaneti) niliyokuwa nikienda ilitegemea setilaiti: unabofya barua pepe, unatoka kununua mahamri, unarudi bado inazunguka.

Na huyo anayesema mkongo ni mnene kama pipa, hapana. Karibu na ufuo huvishwa nyaya za chuma kuukinga na nanga, lakini kwenye kina kirefu unene wake ni kama mpira wa kumwagilia bustani tu.