Nati ya sensa ya oksijeni iliyochomelewa vibaya: ng'oa yote, usirundike weldi juu

Gari linakula mafuta, taa ya injini inawaka, kompyuta inatoa kodi ya hitilafu P0171 (mchanganyiko una petroli kidogo mno), na tayari sensa mpya imeshanunuliwa. Kabla ya kununua ya pili, chungulia chini uangalie nati inayoshikilia hiyo sensa kwenye bomba la ekzosi. Weldi ikiwa na tundu hata la ncha ya sindano, hewa ya nje huvutwa ndani kati ya pigo moja la moshi na jingine. Sensa inaona oksijeni nyingi, kompyuta inadhani petroli ni kidogo, inaongeza.

Kupima ni rahisi. Washa injini ikiwa baridi, mtu azibe nusu mdomo wa bomba la nyuma kwa kitambaa kizito, wewe nyunyizia maji ya sabuni kuzunguka weldi. Povu likichemka, umepata.

Kosa linalofuata ndilo la kila siku: kupaka weldi nyingine juu ya ile mbovu. Chini yake kuna slagi (takataka ya weldi) na masizi ya moshi, kwa hiyo weldi mpya inachemka na kubaki na vitundu vilevile, sasa vimefichwa.

Toa waya hasi wa betri, fungua sensa kwa spana ya mm 22, kisha shusha bomba lote. Kuchomelea likiwa bado garini, karibu na mabomba ya petroli na nyaya, ni kutafuta moto. Kata nati kwa grenda yenye diski ya mm 1, ukifuata weldi yenyewe na si ukuta wa bomba, ambao mara nyingi una mm 1.5 hivi tu. Usiing'oe kwa nyundo na tindo, bomba litachanika. Mabaki yasawazishe kwa diski ya msasa mpaka chuma king'ae, sentimita 2 kuzunguka tundu. Kama masega ya katalaiza (kisafisha moshi) yako karibu, ziba njia kwa kitambaa ili vumbi la chuma lisiingie, na ukitoe kabla ya kuwasha moto. Usisafishe kwa dawa ya breki: zile zenye klorini zikikutana na weldi hutoa gesi ya sumu kali.

Tundu likiwa limeliwa na kuwa yai, usilijaze kwa weldi. Weka kiraka cha bati la unene uleule, kisha toboa upya kwa kipimo cha nati uliyo nayo mkononi.

Nati nyingi za sensa hizi ni M18 x 1.5 (upana mm 18, nyuzi zimeachana mm 1.5). Ikiwa imepakwa zinki, isage kwanza, kwani moshi wake unaumiza na weldi inajaa vitundu. Ielekeze juu, kati ya namba 10 na namba 2 ukitazama bomba kama uso wa saa. Ikilala ubavu au kutazama chini, maji ya mvuke yatakusanyika kwenye sensa na kuipasua ikiwa ya moto.

Halafu jambo ambalo wengi huliruka: funga bolti ya M18 x 1.5 au sensa iliyokufa ndani ya nati kabla ya kuchomelea. Bila hiyo joto linakunja nyuzi na sensa haiingii tena. Sensa nzima isikaribie kazi hii kabisa.

Piga pointi 4 zinazokabiliana, hakikisha nati imesimama wima, kisha chomelea robo moja, ruka upande wa pili, acha ipoe kidogo. Kwa waya wa kuchomelea wa mm 0.8, moto uelekeze zaidi kwenye nati, maana ni nene. Bomba litatoboka mara moja ukilisahau. Bomba la chuma cha pua na nati ya chuma cha kawaida vinahitaji waya wa 309L (wa chuma cha pua, wa kuunganisha vyuma tofauti).

Iache ipoe yenyewe, usimwagie maji. Toa bolti, pitisha tapu (kifaa cha kukata nyuzi) ya M18 x 1.5 kusafisha nyuzi, futa vumbi. Paka grisi ya kuzuia kugandana kwenye nyuzi za sensa tu, ncha isiguswe, na silikoni isitumike popote, inaiua sensa. Kaza kwa Nm 40 hadi 50, au namba ya mtengenezaji wa gari.

Rudia maji ya sabuni, futa kodi, endesha, kisha soma kwa skana marekebisho ya muda mrefu ya mafuta, yaani kiasi ambacho kompyuta inaongeza au kupunguza petroli. Yakibaki juu ya asilimia 10, huenda uvujaji uko kwingine. Anza na gasketi ya manifoldi.