Nyota za pembeni kuvutika kwenye picha za kioo kinachojirekebisha: lenzi haina kosa

Mkuu, umeuliza kwa nini kwenye picha yako ya kundi la nyota ile ya katikati ni nukta safi ila za pembeni zimevutika, na ukahisi lenzi ni mbovu. Picha za namna hiyo nazipakua sana hapa Dodoma kutoka hazina ya wazi ya ESO (shirika la Ulaya la uchunguzi wa anga), za VLT, darubini yao kubwa kule Chile. Fanya hivi: chora mstari kufuata urefu wa kila nyota iliyovutika. Mistari itakutana kwenye nyota mwongozo (ile ambayo darubini inaitumia kupima mtikisiko wa hewa), hata kama iko konani. Lenzi mbovu isingejua nyota mwongozo iko wapi.

Kinachosumbua ni hewa. Kioo cha darubini hizi kinajipinda mamia ya mara kwa sekunde ili kufuta mtikisiko wake, lakini kinafuata mtikisiko wa njia moja tu, ile ya mwanga wa nyota mwongozo. Chukua nyota iliyo sekunde 30 za tao kutoka hapo (hicho ni kipimo cha pembe angani; upana wa Mwezi mpevu ni kama 1,800). Mita 300 juu ya darubini njia hizo mbili zimeachana sentimita 4 hivi, kwa hiyo marekebisho yanazifaa zote. Kilomita 10 juu zimeachana karibu mita moja na nusu, na hewa ya huko si ileile.

Sisi huku tumezoea kulaumu joto la mabati jioni, na kwa kutazama tu ni kweli linaudhi. Ila kwa tatizo lako hewa ya chini ndiyo rahisi. Kuona kwamba kila upande una mtikisiko wake, elekeza darubini ndogo kwenye Mwezi, ukuze sana: kreta moja inayumba huku, jirani yake kule, papo hapo.

Infraredi (mwanga usioonekana, uliopita wekundu) ina nafuu, eneo safi ni pana kuliko kwenye mwanga wa kawaida. Leza peke yake haitibu. Mwale wake unakuwekea tu nyota mwongozo bandia kwenye tabaka la atomu za sodiamu, kilomita 90 juu. Tiba ni nyota mwongozo kadhaa na vioo zaidi ya kimoja, kila kioo na tabaka lake la hewa, kama GeMS, mfumo wa darubini ya Gemini South huko Chile.

Kwa picha uliyonayo, ukipima mwangaza kwa DAOPHOT (programu ya kupima nyota zilizosongamana) ruhusu umbo la nyota libadilike kulingana na mahali. Umbo moja kwa picha nzima litaharibu vipimo vya pembeni, na mabaki yanayosalia baada ya kuondoa umbo hilo utayadhania nyota nyingine.